Nyumba Niliyoiruka kwa Kinaya

Kwa aliyelipata gazeti hili leo limefungiwa mahamri, acha nimsogezee kiti kwanza. Mimi ni Nasiba wa Shella, Malindi. Kazi yangu ni mdomo. Mtu akiwa na arusi hunituma mimi, nami hupita nyumba kwa nyumba nikialika wanawake. Mwaka wa kumi na tisa huu. Sina daftari wala karatasi. Nyumba mia mbili na ushei zimo kichwani, pamoja na wenyewe, watoto wao na wagomvi wao.

Mlioanza nami mnajua mume wangu alivyokwenda Bofa kwa kazi ya hoteli ya siku tatu akarudi na talaka. Mnajua sauti ilivyonikauka msimu mzima wa arusi, nikawa mwalikaji bubu. Wiki jana nikawaacha kwenye hitima, kisomo cha marehemu, wanawake wamejaa hadi barazani, Bi Mahfudha wa hapa Shella ameninyooshea kidole.

"Mtazameni Nasiba," alisema. "Ana kinaya."

Simu nilizopigiwa baada ya hapo! Mmoja wa Taveta akaniuliza, dada, kinaya ndiyo maringo?

Hapana, bwana. Mwenye maringo anakuhitaji. Akivaa dhahabu atakaa karibu na taa uione, na usipoiona atakohoa. Mwenye kinaya hana haja nawe. Amekaa na nafsi yake kama mtu aliyejifungia na sinia la pilau. Wewe uko nje, riziki yako ni harufu. Ukimsema, hakujibu. Ukilia, anatengeneza mtandio wake. Uso umetulia tuli, umeridhika.

Kwetu, ukimwambia mwanamke mbele ya wenzake kwamba ana kinaya, umemtabiria. Umemwambia: watu huwahitaji leo, basi na siku utakayowahitaji wasikuone.

Na mimi chakula changu ni watu! Nyumba yangu ikipungua wageni watano naiona kaburi.

Kosa langu lilikuwa hili. Wanawake waliniambia, Nasiba, goti lako lauma, tukupe msichana wa kupita nawe. Nikawajibu, "Mimi na mdomo wangu tunatoshana." Nikatabasamu. Ndipo Bi Mahfudha akasema alilosema, na hitima nzima ikacheka, hata waliokuwa na juzuu mikononi.

Nilicheka nao. Nikarudi nyumbani na neno lile. Lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli.

Haya, sasa sikilizeni dhambi yenyewe.

*

Siku nne baada ya hitima, Bi Shukri aliniita. Huyu ni mjane, mtu mpole, wa mtaa wa nyuma yetu. Ana binti mmoja tu, Sahla.

"Nasiba, mwanangu ameposwa," akaniambia. "Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya alasiri, ni nikaha. Nipitie nyumba zote."

"Zote, Bi Shukri. Kwani lini niliruka?"

"Hasa kwa Bi Mahfudha."

Nikajifanya natengeneza mtandio.

"Najua mmeteta," akasema. "Na mimi nimeteta naye, mwaka wa saba sasa. Hanisalimu, simsalimu. Lakini Sahla alipozaliwa nilipata jipu la ziwa, nikawa siwezi kumnyonyesha. Bi Mahfudha ndiye aliyemnyonyesha mwanangu, miezi miwili. Mtu kama huyo arusi ya mwanangu haiwezi kumpita. Nataka arusi hii itupatanishe."

"Mbona usiende mwenyewe?"

"Nikienda mimi atanifungia mlango. Wewe mwalikaji, hufungiwi."

Kweli. Mwalikaji hafungiwi mlango. Hata mwenye matanga humfungulia.

Nikatoka siku hiyo hiyo na buibui langu jipya. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila mlango nikisema maneno yangu kwa utaratibu wake: "Bi Shukri anakusalimu salamu nyingi. Anamwoza mwanawe Sahla kwa Taufiq, mwana wa marehemu Awadh wa Mambrui, aliyelelewa Kilifi. Anakuita kwa miguu na kwa dua."

Wasichana wa leo huniuliza, mama, majina ya marehemu ya nini? Si utume ujumbe kwa simu? Nawaambia ndivyo tulivyokuta. Majina hutajwa mpaka kwa baba na mji, ili kila mlango uyasikie. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila mlango uyasikie. Ningejiuliza, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwauzia.

Nikafika kwa Bi Mahfudha. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimwona amekaa kitako, anadunga kofia kwa sindano na uzi. Na yeye aliniona. Akaiweka kofia chini, akajitanda vizuri, akasubiri hodi.

Nilipunguza mwendo asikie viatu vyangu.

Nikaupita mlango.

Wallahi sitawadanganya. Ule utamu! Nilihisi kama nimelamba halua na sahani nimeiacha kwake. Nilikwenda nyumba ya jirani yake nikapaza sauti makusudi, salamu nyingi, Bi Shukri anakuita, ukuta mmoja tu kati yetu. Majina niliyatamka polepole kwa chini, asiyapate. Mwito niliupaza, aupate. Nikatembea nyumba thelathini zilizobaki goti haliniumi hata kidogo.

Jioni Bi Shukri akaniuliza, "Kwa Bi Mahfudha?"

"Amesema inshallah."

Akalia kwa furaha. Akanishika mikono, akanibusu viganja.

*

Ijumaa ikaja. Asubuhi uani kwa Bi Shukri hapakuwa na pa kuweka mguu. Wanawake wamekaa juu ya mikeka wanamenya vitunguu na thomu, masufuria ya pilau yako mekoni. Ndani Sahla anapakwa hina ya mwisho. Nyumba imejaa, na mimi katikati nachapa maneno. Ingekuwa siku yangu.

Kadzo, jirani yetu kutoka Kaloleni, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaniangalia.

"Dada Nasiba, mbona kila mlango ukilia unashituka? Umekula cha mtu?"

"Kuna nazi yako, wewe."

Bi Shukri akatokea na mwiko mkononi. "Jamani, nimehesabu nyuso zote. Bi Mahfudha simwoni. Nasiba?"

Wanawake wote wakanigeukia. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ukawahi mbele, kama kawaida yake.

"Ana homa, masikini. Jana alinipigia. Amekuombeeni dua."

"Homa?" Kadzo akaacha kukuna. "Mulungu wangu! Jana jioni si nilimwona sokoni anachagua bamia, anazivunja vichwa moja moja mpaka muuzaji akamfukuza?"

"Ilimwingia usiku," nikasema.

"Homa zenu za Shella zina saa!"

Wakacheka. Bi Shukri hakucheka. Aliingia jikoni, akatoka na bakuli la uji wa pilipili manga limefunikwa kitambaa cheupe.

"Mpelekee, Nasiba. Mwambie Sahla ni mwanawe pia. Mwambie nikimaliza arusi nitakuja mwenyewe kumtazama."

Nimebeba mizigo mingi katika dunia hii. Hakuna uliokuwa mzito kama ule uji.

*

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Nasiba."

Kisha sauti ikatoka ndani, laini, haina haraka. "Nasiba haijui nyumba hii. Aliipita."

"Nisamehe, Bi Mahfudha. Nimekuletea uji. Bi Shukri amekupa."

"Uji wa nini?"

"Wa... homa."

"Nani ana homa?"

Mlango ukafunguka. Alisimama mzima, amejipaka wanja, amevaa kanga mpya. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Umenialika ugonjwa badala ya arusi."

"Nimekosa, Bi Mahfudha. Uliniaibisha kwenye hitima, nami..."

"Nilisema una kinaya. Nilisema uwongo?"

"Hukusema uwongo."

"Ingia."

Nikaingia. Akakaa pale pale dirishani, akachukua kofia yake na sindano. "Sasa nialike," akasema. "Kama walivyoalikwa wenzangu. Simama mlangoni useme."

Nikasimama, bakuli mkononi kama mwombaji. "Bi Shukri anakusalimu salamu nyingi. Anamwoza mwanawe Sahla kwa Taufiq, mwana wa marehemu Awadh wa Mambrui..."

Sindano ikasimama.

"Rudia."

"Taufiq, mwana wa marehemu Awadh wa Mambrui, aliyelelewa Kilifi."

"Watu waliniambia kijana wa Kilifi. Vijana wa Kilifi ni wengi." Alizungumza polepole, macho kwenye kofia. "Mamake wamjua?"

"Nasikia alifariki zamani."

"Alifariki Taufiq ana siku tisa. Maiti yake niliiosha mimi. Nilikuwa nimeolewa Mambrui wakati ule, nina mwanangu wa kwanza mchanga. Awadh akaja kwangu na kile kitoto kinalia kama paka. Nikakipa ziwa."

Nilihisi uji unanimwagikia vidoleni. Sikusikia moto wake.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Wauliza mara ngapi! Dini inataka mara tano za kushiba. Mimi nilimlea miezi saba, mpaka shangazi yake wa Kilifi alipokuja kumchukua. Na Sahla miezi miwili. Hesabu mwenyewe."

Hakukuwa na cha kuhesabu. Hata mtoto wa madrasa anajua. Walionyonya ziwa moja ni ndugu. Haozwi mtu nduguye. Ndoa hiyo ni haramu ikifungwa, na mtoto wake...

"Lahaula! Bi Mahfudha, vaa buibui twende! Nikaha ni baada ya alasiri!"

"Niende wapi? Sikualikwa."

"Nimekualika sasa hivi!"

"Mwaliko ulioruka nyumba hautengenezwi na aliyeruka. Mwenye arusi aje mwenyewe, asimame hapo uliposimama. Akija, tutazungumza."

"Na asipokuja?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. Na uso wake, ndugu zangu, uso wake ulikuwa umetulia. Umeridhika. Kama mtu aliyejifungia na sinia.

*

Nikaliacha bakuli pale, nikarudi mbio na goti langu bovu. Watu walikuwa wanatoka msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nikamvuta Bi Shukri kwenye chumba cha magunia, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Kwamba sikumwalika. Kwamba hakusema inshallah. Kwamba hana homa. Kisha habari ya maziwa.

Alinisikiliza, mwiko bado mkononi.

"Nasiba," akasema. "Wiki jana ulinipa inshallah. Asubuhi ukanipa homa. Sasa wanipa maziwa. Jioni utanipa nini?"

"Naapa kwa Mungu, Bi Shukri."

"Usiape. Wewe na Mahfudha mmegombana, sasa mnataka kulipiziana juu ya kichwa cha mwanangu?"

"Basi twende ukamsikie mwenyewe. Anakutaka mlangoni kwake."

Akafumba macho. Mwaka wa saba hajakanyaga mlango ule. Nje wanawake wanaimba, wanapiga vigelegele, Kadzo anapiga kijiko kwenye sufuria. Bi Shukri akafumbua macho, akavaa buibui juu ya nguo inayonuka vitunguu.

"Ikiwa ni kweli, arusi naivunja mimi mwenyewe, nimwage pilau," akasema. "Ikiwa ni uwongo, Nasiba, usitie mguu tena kwangu, arusini wala matangani."

Tulipita njia ya nyuma.

Bi Mahfudha alikuwa tayari mlangoni. Kama aliyejua saa.

"Assalamu alaykum," Bi Shukri akasema.

"Wa alaykumu salaam. Bi Shukri! Leo jua limetoka wapi?"

"Nimekuja kukutaka radhi. Kwa yaliyopita na kwa mwaliko. Nilimtuma huyu, nikadhani umeshaalikwa. Makosa ni yangu."

Bi Mahfudha hakusema karibu. Alimwacha asimame juani, jasho likimshuka, kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Kisha akasema, "Nimekuridhia."

"Na sasa nakuuliza kwa jina la Mungu. Huyu Taufiq, ulimnyonyesha?"

Nilimtazama Bi Mahfudha. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, kama anayemfundisha mtoto kusema ndiyo.

"Taufiq yupi?" akauliza.

"Mwana wa Awadh wa Mambrui."

"Awadh, Awadh..." Akagusa kidevu. "Mambrui nimekaa, lakini miaka mingi imepita. Simkumbuki mtu huyo. Nani amekwambia maneno haya, dada yangu?"

"Bi Mahfudha!" nikapiga ukelele. "Si ulinambia hapa hapa, adhuhuri hii! Miezi saba!"

"Nasiba mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa asali. "Umeniruka kwenye mwaliko, sikusema. Umenizulia homa, nikapokea uji wako. Sasa wanizulia na watoto?"

Bi Shukri alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile. Hata mume wangu siku ya talaka alinitazama kwa huruma kidogo.

"Arusi njema, Bi Shukri," Bi Mahfudha akaendelea. "Mimi sitoki, nimeshavua. Lakini dua haihitaji mwaliko. Mwenyezi Mungu awape watoto wema."

"Amina," Bi Shukri akasema. Akaondoka. Hakunisubiri.

Nikabaki nimesimama kwenye ngazi. "Kwa nini?" nikamuuliza. "Umenidanganya mimi, au umemdanganya yeye?"

Bi Mahfudha alitazama njia mpaka buibui la Bi Shukri likapotea kwenye kona. Kisha akainama karibu na sikio langu. Alinukia asumini.

"Maziwa ni yangu," akasema. "Nitayasema siku nitakayotaka mimi. Labda siku ya arobaini ya mjukuu wake, nikienda kumpa hongera."

"Mungu hakuoni?"

"Nenda kaseme wewe. Una mdomo. Si unatoshana nao?"

Akafunga mlango taratibu. Hata komeo halikulia.

*

Nilikaa chini ya ukuta wake kama kuku aliyepigwa jiwe. Nikafikiri niende kwa wanawake uani. Kadzo angecheka: homa, bamia, sasa maziwa! Nikafikiri nimwambie Sahla. Mlangoni kwake angesimama mama yake. Nikafikiri ninyamaze. Ndiyo, nilifikiri hivyo, nisiwafiche. Nikajiambia, nani atajua? Lakini ningejua mimi. Kila nikimwona yule msichana na tumbo, ningejua. Na dirishani kwake angekuwapo Bi Mahfudha amekaa kitako, anadunga kofia, anangoja.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Nikakimbilia msikitini. Msinicheke. Mwanamke, buibui limefunguka, uji umeganda mikononi, na pale nje magari ya Kilifi yamejipanga na kanzu nyeupe zinang'aa. Wanaume wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Huyu si mwalikaji? Na sisi ametujia?"

Sikumjali. Sala ilipokwisha, gari la bwana arusi likawasili. Akashuka Taufiq, joho jeusi begani, kijana mrefu mwenye macho ya aibu. Wenzake wakatangulia kuvua viatu. Akabaki nyuma akijitengeneza kilemba. Nikamshika mkono wa joho.

"Shikamoo, mama," akasema, ameshituka.

"Marahaba, baba. Nijibu upesi. Nani alikunyonyesha?"

Akatabasamu, akidhani ni mzaha wa arusi. Akaona uso wangu, tabasamu likaisha.

"Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Shangazi aliniambia kuna mwanamke wa jirani, Mambrui, alinipa ziwa. Jina hakunitajia. Shangazi naye amefariki."

Basi ilikuwa kweli. Furaha na hofu vikanipanda pamoja: sikuwa mwongo, na ile nikaha ilikuwa hatua kumi mbele yetu.

"Mwanamke huyo ni Bi Mahfudha," nikasema. "Wa hapa Shella. Na ndiye aliyemnyonyesha Sahla. Baba, huyo bi arusi ni dada yako. Mwambie sheikh asimamishe, waulize watu wa Mambrui, waulize wazee wa kule, wiki moja tu, siku mbili tu!"

Hakupiga kelele. Hakuniita mwendawazimu. Alisimama tu, rangi ikimtoka kama kanga iliyofuliwa kwa mara ya kwanza.

"Bi Mahfudha anayedunga kofia?" akauliza. "Mwembamba, anapaka wanja?"

"Wamjua?"

Ndani sheikh akaita, "Bwana arusi!" Wanaume kwenye kizingiti wakageuka, wakamkonyeza aingie. Mmoja akaanza kunijia kuniondoa.

"Mama," Taufiq akasema, midomo haitembei. "Huyo ndiye mshenga wangu. Alikuja Kilifi kunitafuta mwaka jana. Yeye ndiye aliyenionyesha Sahla. Akaniapisha nisimtaje kwa mtu mpaka nikaha ipite."

Sheikh akaita tena.

Taufiq akanitazama, akautazama mlango wa msikiti. Akainama, akavua kiatu kimoja; kama anaingia kuoa au kuzuia, nitawaambia wiki ijayo.